Fomu ya mkataba wa pango ya steshenari: kwa chumba inafaa, kwa fremu itakuponza

Ingia steshenari yoyote Arusha, kuanzia zile zilizobanana karibu na Stendi Ndogo hadi vibanda vya fotokopi vya Ngarenaro, Kijenge na Sakina, uulize mkataba wa pango. Utapewa karatasi ya A4 iliyochapwa pande mbili, nafasi za kujaza zikiwa za nukta nukta, kwa shilingi 500 hadi 1,000. Moshi ni hivyo hivyo, mjini kati hata Pasua. Maneno hutofautiana kidogo, maana kila steshenari imeipata kutoka fotokopi ya mwenzake, ila mifupa ni ile ile: majina ya pande mbili, mahali nyumba ilipo, kodi kwa mwezi, miezi iliyolipwa, tarehe ya kuanza na ya kuisha, masharti saba au tisa ambayo karibu yote yanamhusu mpangaji, kisha sahihi na mashahidi wawili.

Tunaipima kwa macho ya mwenye nyumba au mwekezaji mdogo: aliyejenga vyumba sita Muriet, au mwenye fremu (vyumba vya biashara) nne za barabarani Kwa Mrombo. Hukumu yetu kwa kifupi: kwa chumba, au chumba na sebule, kwa muda usiozidi mwaka, inunue. Kwa nyumba nzima, inunue na uongeze ukurasa wako mwenyewe. Kwa fremu, au kwa mkataba wowote unaozidi mwaka mmoja, iache na umwone wakili.

Mwenye nyumba wa leo analindwa na karatasi kuliko alivyolindwa baba yake. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo Serikali haipangi kiwango cha kodi ya pango, hakuna asilimia ya ukomo wa kuipandisha, na hakuna ukomo wa miezi ya kudai mbele. Iliyobaki ni Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, ambayo ina sehemu nzima ya upangaji, lakini mambo mengi inawaachia wenyewe wakubaliane. Msipoandika, sheria inajaza pengo kwa masharti yake, na si lazima yawe yale uliyokuwa nayo kichwani.

Inapofanya kazi vizuri

Mkataba wa mwaka mmoja au chini ya hapo sheria inauhesabu kuwa wa muda mfupi. Unaweza kuwa hata wa mdomo, na hausajiliwi kwa Msajili wa Hati. Kwa hiyo kwa chumba cha Sombetini kinacholipiwa miezi mitatu mitatu, fomu hii inafanya zaidi ya kile sheria inachodai. Imeandikwa Kiswahili ambacho mpangaji anakielewa, kwa hiyo hawezi kusema baadaye kwamba alisaini asichokijua. Kiasi kinaandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Tarehe mbili zipo. Mashahidi wapo. Kwa shilingi 1,000, huwezi kulalamika.

Unapojaza, usiridhike na "chumba kimoja Sakina". Andika mtaa, kata, namba ya nyumba kama ipo, mlango wa ngapi kutoka getini, na choo ni cha ndani au cha kuchangia. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, pamoja na namba ya NIDA yenye tarakimu 20. Andika usomaji wa mita ya maji ya AUWSA siku ya kukabidhi funguo (kwa Moshi ni MUWSA) na namba ya mita ya umeme ya LUKU. Deni la maji hubaki kwenye akaunti ya nyumba mpangaji akiondoka, na ankara haijui nani aliyeoga.

Nani anasaini

Hapa ndipo fomu inapoanza kuvuja. Ina mstari mmoja tu wa "mwenye nyumba", bila swali hata moja la kuthibitisha kama huyo ndiye mwenye mamlaka.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza, kugawa, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Wengi wanalijua hili kwenye kuuza, na benki zinaliuliza kwenye mkopo. Kwenye pango linasahaulika. Familia ikihamia Ngaramtoni na nyumba ya Njiro ikapangishwa na baba peke yake, mama ana haki ya kuupinga mkataba huo. Ongeza mstari: "Mimi mke/mume wa mpangishaji nimeridhia", jina, sahihi, tarehe.

Kwa nyumba ya marehemu, na hizo Moshi na Arusha ni nyingi, anayepangisha kihalali ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaka mkubwa hana mamlaka kwa ukubwa wake, wala mtoto aliyebaki nyumbani hana kwa kubaki kwake. Kama usimamizi ulitolewa Mahakama ya Mwanzo, nakala ya Fomu Namba 4 iambatishwe. Bila hiyo, mrithi mwingine akitokea kutoka Dar es Salaam, mpangaji aliyekwisha lipa mwaka mzima hajui amlipe nani, na wewe uliyepokea utadaiwa hesabu na ndugu zako.

Nyumba iliyowekwa rehani benki ina sharti lake: kuipangisha kwa muda unaozidi mwaka mmoja kunahitaji idhini ya benki kwa maandishi. Fomu haigusi hili kabisa.

Mkataba ukiisha na mtu bado yupo

Sharti la kawaida la fomu ni kwamba "mkataba ukiisha mpangaji atahama au ataingia mkataba mpya". Halisemi kitu kuhusu linalotokea mara nyingi zaidi: hahami, haandiki mkataba mpya, ila mwezi ukifika anatuma pesa kwa simu nawe unaipokea. Kwa Sheria ya Ardhi, mpangaji aliyebaki kwa ridhaa yako huku ukiendelea kupokea kodi anahesabiwa ana upangaji wa mwezi hadi mwezi, na kuusitisha kunahitaji notisi inayolingana na kipindi cha malipo. Wewe unadhani mkataba umekufa. Kisheria umezaa mwingine.

Tatizo huonekana siku mpangaji mpya ameshalipa miezi sita naye yuko getini na gari la mizigo. Hapo unao wapangaji wawili wenye haki kwenye mlango mmoja. Andika kwamba kila upande utatoa notisi ya maandishi ya siku 60 kabla ya tarehe ya mwisho kama hautaki kuendelea, na kwamba ukimya si makubaliano ya kuongeza muda. Kisha ufuate ulichoandika. Ukipokea mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu baada ya mkataba kuisha, baraza la ardhi litatazama ulichotenda.

Kupandisha kodi nako kuna kasoro. Fomu nyingi zina maneno "mwenye nyumba anaweza kupandisha kodi wakati wowote". Yanasomeka kama silaha ya mwenye nyumba, lakini yanapingana na ukurasa wa kwanza wa fomu hiyo hiyo, ulioweka kiasi na muda. Mpangaji aliyelipa 250,000 kwa mwezi kwa miezi 12 amekwisha nunua miezi hiyo kwa bei hiyo. Kwa kuwa uwanja wa AFCON 2027 uko Olmoti na kila mwenye nyumba wa upande ule anapiga hesabu za bei mpya, weka tarakimu: "Kuanzia tarehe fulani, kodi itakuwa 270,000 kwa mwezi." Tarakimu haina ubishi.

Amana, kilemba na fremu ya kujenga mwenyewe

Nafasi ya amana haipo kwenye fomu nyingi. Hakuna sheria inayosema amana iwe kiasi gani wala irudishwe lini, hivyo yote ni yenu: kiasi, vitu vitakavyokatwa (vioo, kitasa, sinki, bili ya maji), na siku za kurudisha baada ya kukabidhi funguo. Siku 14 zinatosha kupata ankara ya mwisho ya maji. Piga picha za kila chumba siku ya kuingia, nyote wawili mkiwepo. Sheria inamtaka mpangaji arudishe nyumba katika hali aliyoikuta isipokuwa uchakavu wa kawaida, na bila picha hakuna anayeweza kusema ufa ule ulikuwepo au la.

Kwenye fremu suala kubwa ni kilemba, pesa ya kuachiana nafasi. Mpangaji anayehama anampa mwingine nafasi kwa mamilioni, mwenye jengo hajui, na siku moja anakuta saluni mahali palipokuwa na duka la dawa. Sheria ya Ardhi inamtaka mpangaji apate ridhaa ya mpangishaji kabla ya kuhamisha au kupangisha kwa mtu mwingine, lakini inamtaka pia mpangishaji asiinyime ridhaa hiyo bila sababu ya msingi. Maana yake "ni marufuku kabisa" iliyochapwa kwenye fomu si ukuta imara kama inavyoonekana. Afadhali uandike masharti: mpangaji mpya aletwe kwa barua, awe na TIN (namba ya mlipakodi), biashara yake iwe ya aina mliyokubaliana, asaini mkataba wake, na kilemba kisimfunge mwenye jengo. Sharti hilo hilo litakusaidia kwa mtu anayepanga nyumba nzima Njiro kisha anaipangisha kwa watalii kwa usiku kupitia Airbnb.

Halafu kuna utaratibu ambao Arusha umeenea na fomu haina hata mstari wake: mpangaji anajenga fremu kwenye kiwanja chako, gharama inakatwa kwenye kodi. Tuseme amejenga kwa 4,800,000 na kodi ni 200,000 kwa mwezi. Hiyo ni miezi 24. Mkataba umezidi mwaka, lazima uwe wa maandishi, na si wa karatasi ya steshenari. Unahitaji makadirio ya fundi yaliyosainiwa na nyote kabla tofali halijapangwa, ratiba ya kukatana, tamko kwamba jengo ni la mwenye kiwanja, na hesabu itakayotumika kama mpangaji ataondoka mwezi wa kumi. Na kukatana hakuondoi kodi ya Serikali: ile 200,000 inayokatwa kila mwezi bado ni pango.

TRA: ukurasa ambao fomu haina

Hii ndiyo sababu kubwa ya kuikataa kwa fremu. Mpangaji wa biashara lazima aupeleke mkataba TRA (Mamlaka ya Mapato) na halmashauri. Bila mkataba wa pango hapati leseni, na maofisa watausoma mstari kwa mstari. Kuna mambo mawili yanayolipwa.

La kwanza ni ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Fremu ya 300,000 kwa mwezi ina kodi ya mwaka ya 3,600,000, hivyo ushuru ni 36,000. Ulipwe ndani ya siku 30 tangu kusaini. Mkataba usiolipiwa ushuru haupokelewi kama ushahidi mpaka ushuru ulipwe pamoja na adhabu yake. Yaani siku unayoihitaji karatasi hii kuliko siku zote, mpinzani wako anasimama na kusema haina stempu, na baraza linamsikiliza. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni jambo jingine kabisa. Unaonyesha kwamba kiongozi alishuhudia. Haulipi ushuru wa TRA, hata uwe wa wino mzito kiasi gani.

La pili ni kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango kwa mpangishaji aliye mkazi wa nchini. Mpangaji mfanyabiashara anaikata kabla ya kukulipa, na anaiwasilisha TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Akikulipa miezi sita ya fremu hiyo, jumla ni 1,800,000: anazuia 180,000 na kukupa 1,620,000. Ni kodi yako wewe mwenye jengo, yeye ni mkusanyaji tu. Ugomvi unazaliwa hapa, kwa sababu mlipokubaliana 300,000 wewe ulimaanisha ya mkononi, yeye alimaanisha yote kwa yote, na fomu imeandika "kodi kwa mwezi" bila kueleza.

Kama unataka 300,000 kamili mkononi, usiandike kwamba mpangaji atakulipia kodi yako. Gawanya 300,000 kwa 0.9, kodi ya mkataba iwe 333,334, na asilimia 10 itoke humo. Akiona ni kubwa, jadilianeni mapema, kabla hajafika dirishani TRA. Andika pia nani atalipa ushuru wa stempu (kwa desturi ni mpangaji), na kwamba atakupa nakala ya risiti na cheti cha kodi iliyozuiwa kila anapolipa. Hivyo vyeti ndivyo vinavyoonyesha kuwa kodi yako imekwisha lipwa. Bila hivyo utadaiwa mara ya pili.

Wapo wanaoandika mikataba miwili, mmoja wa kweli na mwingine wa bei ndogo wa kupeleka TRA. Tunawasihi wenye fremu waache. Mbali na kuwa ni kosa, mpangaji akigoma kulipa utabaki na mkataba mmoja wenye stempu, ule wa bei ndogo, na huo ndio atakaouonyesha.

Mwenye jengo ambaye mauzo yake yanafika shilingi milioni 200 kwa mwaka anaingia kwenye VAT (kodi ya ongezeko la thamani), na pango la biashara linatozwa asilimia 18. Pango la makazi limesamehewa. Kwa ghorofa lenye fremu chini na makazi juu, mikataba itenganishwe.

Kuna pia kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya jengo la ghorofa. Ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Ni pesa ndogo inayoleta maneno makubwa. Mstari mmoja unaosema inarudishwa au imeshahesabiwa kwenye pango unamaliza.

Matengenezo na kutoa mtu

"Matengenezo yote ni juu ya mpangaji", inasema fomu. Kwa sheria, ukipangisha sehemu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji mikuu na njia za pamoja ni zako wewe. Nyumba ikiungua au ikabomolewa na mafuriko isikalike, kodi husimama kwa kadiri ya uharibifu. Kwa hiyo lile sharti pendwa, "kodi iliyolipwa haitarudishwa kwa sababu yoyote ile", halitakuokoa paa likiezuliwa na upepo mwezi wa pili wa mkataba wa mwaka. Tenganisha: mpangaji abadilishe taa, vitasa, koki na vioo alivyovunja, mwenye nyumba ashughulikie paa, shimo la choo, nyaya za ukutani na bomba kuu.

Faini za fomu nazo, "akichelewa siku saba atalipa mara mbili", zinavutia macho tu. Sheria ya Mikataba inampa aliyeumizwa fidia inayostahili, isiyozidi kiasi kilichotajwa. Weka kiasi unachoweza kukitetea.

Kuhusu kumtoa mpangaji, fomu inatoa ruhusa hatari: "mwenye nyumba ana haki ya kufunga mlango". Usiitumie. Kupiga kufuli vitu vya mtu vikiwa ndani, kukata umeme au kuezua bati kunavunja haki yake ya kukaa kwa utulivu, na wewe uliyekuwa unadai utageuka mdaiwa. Anza na notisi ya maandishi yenye kiasi kinachodaiwa na tarehe ya mwisho, na upate sahihi ya kupokea. Akigoma, nenda Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi hukumu, linasuluhisha tu, lakini huwezi kuliruka. Zikipita siku 30 bila suluhu, unaweza kufungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo kwa mali isiyohamishika linasikiliza mashauri ya thamani isiyozidi shilingi milioni 300. Anayemtoa mpangaji ni dalali aliyepewa amri na baraza. Vijana wa kijiweni hawana amri hiyo. Deni la kodi unaweza kulidai ndani ya miaka 6, kwa hiyo hata akihama usiku, tunza karatasi.

Ukiamua kuinunua, chukua nakala tatu zenye wino, si fotokopi ya moja: yako, ya mpangaji, na ya kupeleka TRA. Ukurasa wa nyongeza uandikwe tarehe ile ile, uwe na namba "3 kati ya 3", na usainiwe na watu wote waliosaini fomu, mashahidi pamoja. Nafasi yoyote ya nukta iliyobaki wazi ipigwe mstari kabla kalamu hazijawekwa chini.